Mara Tatu Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amenimulika koo kwa kurunzi yake ndogo akaniambia nipumzishe sauti wiki tatu. Nikamwambia kazi yangu ni sauti. Akasema basi nipumzike na kazi. Mke wangu, ambaye ni muuguzi hapohapo, alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. "Ataandika, daktari," akasema. "Akiwa na neno nyumbani, aliandike." Tulipofika nyumbani akanipa daftari hili. Nadhani ameisubiri siku hii miaka thelathini na mmoja.

Basi naandika. Mimi ndiye ninayeita mashauri mahakamani. Hakimu akisema "liite," natoka mlangoni naita majina ya wahusika. Wenzangu wananiita Spika, nami sikatai, maana sauti yangu imewahi kumwamsha mwenye duka aliyesinzia ng'ambo ya barabara. Habari za koo sijamwambia mtu ofisini. Imebaki miaka miwili nistaafu, na sitaki waanze kunionea huruma mapema.

Jumanne, 4 Machi
Mvua imeanza. Chai ya tangawizi mara nne. Mke wangu anaufurahia ukimya wangu kupita kiasi.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Mashauri tisa. Baraza letu limeezekwa mabati matupu bila dari, na ikipiga huko juu hata mwenye koo zima husikika nusu. Nimemwambia mke wangu nimejitunza, nimeita kwa sauti ya chini. Akasema sauti hiyo haiwezi kumleta hata paka kwenye maziwa.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeandika mstari wa kwanza nikaufuta mara mbili.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alinifundisha kuita mara tatu, na kila mara mahali pake: mlangoni, pembeni mwa baraza, kisha getini. Mwito wa getini, alisema, ni wa yule aliyeshikwa na tumbo la woga akatoka kutafuta choo. Haumo kwenye kanuni yoyote iliyoandikwa. Lakini mimi ninaposema "ameitwa mara tatu," kila mtu pale ndani anaelewa kwamba nimefika pote patatu.

Leo palikuwa na shauri la malezi ya mtoto wa kike wa miaka minane. Mama yake alifariki mwaka jana. Anayemwomba ni mama mkubwa wake, mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke mrefu mkavu anayesema mambo yake kama anayesoma orodha ya stoo. Sikumpenda. Anayejibu ni baba wa kambo, fundi viatu. Hakimu akasema liite. Nikafungua mlango, nikakutana na maji yanakuja ubavu ubavu. Koo lilikuwa linawaka. Nikaita jina la fundi nikiwa kizingitini, nikaita tena, nikaita tena, miguu yangu haikutoka palepale. Nikarudi ndani nikasema, "Ameitwa mara tatu, Mheshimiwa. Hakuitika."

Hakimu akaandika. Shauri likasikilizwa upande mmoja. Mama mkubwa alisema kwa muda wa robo saa, na amri ikatoka: mtoto ahamie kwake siku shule zitakapofungwa, tarehe 11 Aprili.

Saa saba mvua ikakatika. Akaja mwanamume wa kama miaka arobaini, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, kwapani bahasha ya kaki aliyoifunika kwa mfuko wa plastiki. "Samahani, mzee wangu. Shauri langu bado?"

Nikamuuliza alikuwa wapi. Akanionyesha ubavu wa jengo, benchi la karibu na tangi la maji. La barazani lilikuwa linalowa, akahamia kule tangu saa mbili asubuhi. Nikamwambia shauri lake limeshaamuliwa.

"Limeamuliwaje," akaniuliza, "na mimi sijasema?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwelekeza masjala, chumba cha majalada, nikaenda kukaa.

Ijumaa, 14 Machi
Leo nimefika hadi getini kwa kila shauri, hata wahusika walipokuwa wamesimama mbele ya pua yangu. Karani wa masjala ameniuliza kama nina minyoo.

Jumatatu, 17 Machi
Fundi amerudi masjala. Karani wa masjala, dada mcheshi ninayekula naye kila mchana, amenisimulia huku anamenya chungwa. Fundi ana siku thelathini za kuomba amri itenguliwe ili naye asikilizwe. Lakini lazima atoe sababu, na jalada linasema aliitwa mara tatu.

"Nimemwambia aseme aliumwa, alete cheti. Watu wote huumwa siku ya shauri."

"Akasemaje?"

"Akasema hakuumwa. Alikuwepo." Akacheka. "Mtu kama huyo utamsaidia vipi, Spika?"

Nikaokota maganda ya chungwa lake, nikaenda kuyatupa.

Alhamisi, 20 Machi
Nimechukua kiatu changu cha kushoto, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, nikakibandua soli kwa bisibisi, nikakipeleka kwa fundi. Ukiniuliza nilitaka nini, sijui. Nilitaka kumwona.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la vyuma. Alikigeuza kiatu, akapitisha kidole kwenye gundi. "Hiki kimebanduliwa, mzee wangu."

"Wajukuu," nikasema. Mungu anisamehe, sina mjukuu hata mmoja.

Pembeni yake mtoto alikuwa amekaa kwenye stuli fupi, sare ya shule bado mwilini, anapitisha uzi mnene kwenye tundu la sindano. Anaufyonza ncha, anafumba jicho moja, umeingia. Anampa baba yake, anachukua sindano nyingine. Fundi anamwita Sindano kwa sababu hiyo. Macho yake ya karibu yameanza kumsaliti, akaniambia, na huyu ndiye miwani yake.

"Shikamoo, babu," akasema mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Wewe ni wa mahakamani?" fundi akauliza, akinitazama vizuri sasa. Nikakubali. Akaitika kwa kichwa, akaendelea kushona. Baadaye, akihakikisha mtoto ameinama kwenye boksi la misumari, akasema kwa sauti ya chini, "Kosa ni langu. Nilihama benchi. Ningevumilia kulowa siku moja tu, leo mambo yangekuwa mengine."

Nilikivaa kiatu nikaondoka. Amekishona vizuri kuliko kilivyokuwa kipya, na kila hatua nilikuwa nakisikia mguuni.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua. Wiki tatu zimekwisha, sauti haijarudi. Daktari anataka nirudi kwake.

Alhamisi, 27 Machi
Mke wangu si mtu wa kudanganywa siku nyingi. Amekuwa akinitazama ninavyosukuma chakula sahanini. Leo baada ya chakula cha jioni, siku yake ya mapumziko, akaweka mikono mezani. "Haya. Koo haliharibu hamu ya kula hivyo. Niambie."

Sikuweza kulisema. Nikafungua daftari hili kwenye tarehe 13, nikalisukuma upande wake.

Akavaa miwani. Akasoma, akarudia. Mimi nilikuwa nimeinamia vidole vyangu kama mwanafunzi aliyekamatwa. Niliogopa ataniuliza kuhusu kazi, kuhusu miaka miwili iliyobaki, kuhusu watu watasema nini Spika akimwaga mtama juu yake mwenyewe. Hakuuliza hata moja.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minane," nikasema.

"Kesho uvae shati jeupe," akasema. Akainuka, akalitoa kabatini, akalipiga pasi yeye mwenyewe, jambo ambalo hajafanya tangu tulipokubaliana mwaka fulani kwamba kila mtu na pasi yake. Nilimpenda mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 28 Machi
Nilibisha chemba ya hakimu saa mbili kasoro. Ni mwanamke mwenye umri wa binti yangu mkubwa, hacheki ovyo, na siku zote nimemwona kama mtu wa karatasi. Nilisimama nikamweleza yote: koo, mvua, kizingiti, kwamba sikufika pembeni wala getini.

Akaweka kalamu chini. "Umekuwa ukiita hivyo tangu lini?"

"Koo limeniuma tangu mwanzo wa mwezi, Mheshimiwa. Lakini aliyekosa kusikilizwa ni huyo mmoja tu."

"Unajuaje ni mmoja?"

Kwa wiki mbili nilikuwa nimemfikiria fundi peke yake. Akaniagiza nikae na karani wa masjala tupitie kila shauri la mwezi huu ambalo mtu aliandikwa hakuja. Tulipitia hadi saa kumi. Wako wawili wengine. Mmoja alikuwa amesafiri, mwingine ameandikiwa barua aje aeleze.

Kuhusu fundi, hakimu alisema hawezi kuligeuza jalada kwa maneno ya chemba. Fundi mwenyewe aombe, nami nile kiapo cha maandishi kueleza nilivyoita. "Unajua hicho kiapo kitakufuata," akasema.

"Najua, Mheshimiwa."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Ile mvua na mimi niliisikia," akasema. "Ningeweza kukuuliza umeita kutoka wapi. Sikuuliza." Kisha akainamia mafaili yake. Nimefanya naye kazi miaka minne, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona.

Jumamosi, 29 Machi
Nimepiga moyo konde nikaenda kibandani. Nilimwambia fundi nikiwa nimesimama, maana kukaa kungekuwa ni kujikaribisha.

Alikuwa na buti la mtu mkononi, akamaliza mshono, akafunga fundo, akakata uzi. Nilitamani anitukane.

"Wiki mbili," akasema, "nimemwambia huyu mtoto kwamba ni mimi niliyekosea. Aliniuliza kwa nini anahama, nikamwambia baba hakukaa mahali pake." Akavuta pumzi. "Sasa mwambie wewe."

Akamwita. Sindano akaja na sindano yake yenye uzi. Nimesimama mbele ya mahakimu sita maishani mwangu na sijawahi kukosa maneno kama pale. Nikachutama, magoti yakalia, nikamwambia kwamba siku ile baba yake alikuwepo tangu asubuhi, ila mimi ninayeita watu sikumwita vizuri, nikasema hayupo.

Akanitazama kwa makini. "Kwa hiyo baba hakukosea?"

"Hakukosea."

"Umemwambia hakimu?"

"Jana."

Akafikiri kidogo, kisha akampa baba yake sindano na kurudi kwenye stuli. Fundi akageukia ukuta, akakaa hivyo muda, anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nikamwambia afike masjala Jumatatu saa mbili, fomu nitamsomea mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi
Maombi yameingia. Kiapo changu kimeingia. Karani wa masjala aligonga muhuri bila kunitazama. "Ungemwacha alete cheti tu, Spika," akasema. Chungwa lake amelila peke yake.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua kidogo. Maombi yalisikilizwa saa nne.

Kiapo changu kilisomwa kwa sauti, kila neno, mimi nimesimama palepale mlangoni ninaposimama kila siku. Watu waligeuka kunitazama. Hakimu akamuuliza mama mkubwa kama anapinga amri kutenguliwa. Nilijua atapinga. Alikuwa na haki yake kisheria, na zilibaki siku nane mtoto awe wake.

Alisimama. Kisha akasema, tena si kwa ile sauti ya orodha, "Mheshimiwa, siku ile nilimwona. Nilipokuwa naingia alikuwa pale penye tangi, tukasalimiana. Mzee aliposema hakuitika, nilijua yupo. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, kama ni vibaya Mungu atanizuia. Hakunizuia."

"Unapinga maombi?"

"Sipingi. Nimelala vibaya wiki tatu."

Amri ikatenguliwa. Mtoto abaki alipo mpaka shauri lisikilizwe upya, tarehe 8 Mei, pande zote mbili. Kule nje fundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mkubwa alitupita ameshika mkoba kifuani. Nilikuwa nimemchukia huyu mwanamke kwa sauti yake tu, na kumbe yeye na mimi tumefanya jambo lilelile siku ileile, kila mmoja upande wake wa mlango.

Jumanne, 8 Aprili
Barua ya onyo. Nahamishiwa masjala. Kuanzia leo anaita binti mmoja mwenye sauti nyembamba inayopenya kama filimbi, na anafika getini bila kuambiwa. Karani wa masjala amenipa kiti chenye mguu mbovu. Mchana akanimegea chungwa. Nimesamehewa nusu.

Ijumaa, 11 Aprili
Shule zimefungwa. Nilipitia njia ya duka la vyuma, nikasimama mbali. Sindano yuko kwenye stuli yake. Nikaenda nyumbani.

Jumanne, 22 Aprili
Daktari anasema sauti haitarudi ilivyokuwa. Mke wangu alinishika mkono njia nzima, mbele ya wauguzi wenzake wote, ambao watamtania mwezi mzima.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua imepungua, inakuja jioni tu. Nilipeleka jalada ndani, nikaomba ruhusa nibaki nyuma.

Fundi alipoambiwa aseme, alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakimu hakumharakisha. "Sijui nianzie wapi," akasema mwishowe. "Mimi si baba yake wa damu. Nilimkuta ana miaka miwili, na hakunipenda. Aliniuma kidole."

Watu walicheka, na kicheko kile kikamfungua. Akafungua ile bahasha ya kaki aliyokuwa nayo siku ya mvua. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na mbili. Kila baada ya miezi sita humsimamisha mtoto juu ya karatasi, akauzungushia mguu wake kalamu, ili amshonee viatu. Mtoto huyo hajawahi kuvaa kiatu cha dukani. Karatasi ziliwekwa mezani kwa mpangilio, mguu unakua, unakua. Kumi za kwanza tarehe zake zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kike. Mbili za mwisho zimeandikwa kwa mkono mzito.

"Sina hoja nyingine, Mheshimiwa," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa nimekuja nayo."

Mama mkubwa akaomba kuziona. Akaishika ile ndogo kabisa kwa ncha za vidole. "Huu mwandiko ni wa mdogo wangu," akasema, akashindwa kuendelea. Hakimu akaacha kuandika, akangoja. Ilipofika zamu ya mama mkubwa kusema, hakurudia yale ya Machi, ya chumba na kitanda na shule. Alisema, "Anacheka kama mama yake. Namtaka kwa sababu hiyo. Sina kingine kilichobaki cha mdogo wangu."

Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na sita na mara nyingi nimetamani upande mmoja ushinde. Leo sikujua nitamani nini.

Hakimu akafunga jalada. "Tumewasikia wawili," akasema. "Kuna mmoja hajaulizwa. Aletwe Alhamisi ijayo, chemba, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii."

Alhamisi, 15 Mei
Sindano alikuja na viatu vipya vya kahawia. Alikaa ndani dakika ishirini na tano. Nje walikaa fundi kwenye ncha moja ya benchi na mama mkubwa kwenye ncha nyingine, katikati nafasi ya mtoto. Hakuna aliyemuuliza chochote alipotoka. Alikaa katikati, akaning'iniza miguu.

Alhamisi, 22 Mei
Jua tangu asubuhi. Uamuzi umetolewa, na kazi ya kutoa nakala ni yangu sasa. Fundi alipokea yake akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akakata tamaa. Sindano yuko shule. "Mle ndani nilisikia 'abaki kwako' tu, mengine yote yalinipita masikioni," akaniambia. "Nisomee, mzee wangu."

Nikasoma pale kwenye korido. Sauti yangu sasa ni ya kukwaruza, haifiki mbali, na mama mkubwa, aliyekuwa amesimama dirishani na nakala yake, akaja karibu, akasimama bega kwa bega na fundi ili asikie. Nikasoma kwamba mtoto ataishi na baba yake wa kambo, na kila Jumapili na nusu ya likizo atakuwa na mama yake mkubwa. Kisha nikafika pale hakimu alipoandika maneno ya mtoto mwenyewe.

"Mtoto amesema anataka kukaa kwa baba. Amesema mama mkubwa aje amsuke nywele, kwa sababu baba anazivuta sana. Ameulizwa kama kuna lingine angependa mahakama ijue. Amesema mama mkubwa akija akitaka kulia, alie tu, yeye atamngoja."

"Rudia hapo," akasema mama mkubwa.

Nikarudia.